Aya wa Yopougon na katuni nyingine zilizonimalizia bando: uzoefu wangu

Nina miaka 36, nina steshenari yangu Tandika, na bado nasoma katuni. Mteja anaingia kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa, ananikuta nacheka peke yangu na simu, anadhani nachati na mchumba. Nimeshaacha kujieleza.

Ugonjwa wenyewe niliupatia Kigoma. Gazeti la katuni la Sani lilikuwa likitufikia limeshapita mikono mitano, na mara nyingine ukurasa wa katikati umeshachanwa kufungia karanga. Tulimsoma Ndumilakuwili na Lodi Lofa hivyo hivyo, sehemu iliyochanwa tunaijaza kwa kubishana. Nadhani ndiyo maana hadi leo katuni naipima kwa swali moja tu: ukiyatoa maneno yote, kinabaki nini?

Kipimo changu kina jina, nacho ni mama mdogo. Anashinda hapa dukani mchana akinisaidia kuuza kalamu na bahasha, Kiingereza hakijui na hataki kukijua. Kitabu kinachomfanya avute kiti, hicho ni kitabu.

Sasa nimwambie msomaji kilichonileta. *Aya de Yopougon* ya Marguerite Abouet, michoro ya Clément Oubrerie, ilianza kutoka Ufaransa mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikachukua tuzo ya kitabu cha kwanza kwenye tamasha la katuni la Angoulême. Mimi nina toleo la Kiingereza, lile nene lililounganisha vitabu vitatu vya mwanzo. Niliagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni wa nje ambaye jina lake nitalimeza. Aliahidi wiki mbili. Kilifika wiki ya saba, kona imekunjika kama sambusa, kimefungwa bahasha ya karatasi tupu ambayo hata mimi nisingempakia mtu fomu za shule ndani yake. Ila gamu ya mgongoni ni imara, hilo nalisema kama mtu wa kazi: nimekilaza kifudifudi kaunta mara zisizohesabika na hakijaachia ukurasa.

Hadithi iko Abidjan, Ivory Coast, mtaa wa Yopougon, ambao vijana wenyewe wanauita Yop City, mwaka 1978. Aya ana miaka 19 na anataka kuwa daktari. Rafiki zake Adjoua na Bintou wanataka muziki, wanaume na nguo mpya. Baba yake Aya anafanya kazi kampuni ya bia na ana mipango yake ya kumwozesha binti kwa mtoto wa bosi. Hakuna vita, hakuna njaa, hakuna mzungu wa kuja kuokoa mtu. Kuna madirisha wazi, majirani wanaosikia kila kitu, na soko ambalo usiku, wauzaji wakishaondoka, linakuwa gesti ya wapenzi juu ya meza tupu. Wanaliita Hoteli ya Nyota Elfu. Nyota zenyewe ni zile za juu, kwa sababu paa hakuna. Hapo nilicheka mpaka mteja wa laminesheni akaomba aone.

Oubrerie mistari yake inatetemeka kidogo, kama mtu anayechora akiwa ndani ya daladala, lakini angalia anavyosimamisha watu. Mama aliyekasirika anasimama na mkono kiunoni na uzito wote mguu mmoja. Baba anayedanganya anaangalia pembeni ya kisanduku, kama anatafuta mlango. Rangi za jioni ni machungwa na zambarau, na ukifika usiku buluu inakuja taratibu kisanduku baada ya kisanduku.

Siku ya kipimo (ambaye hajasoma aruke kisa hiki) nilikuwa natoa kopi mitihani ya shule moja, rimu tatu, mama mdogo akakichukua. Mashine inanguruma, yeye anafunua. Baada ya kama nusu saa nasikia, "We, njoo." Ameweka kidole kwenye kichanga cha Adjoua. Adjoua kaolewa na Moussa, mtoto wa tajiri, kwa ajili ya ujauzito huo.

"Huyu mtoto si wa huyu bwana," akasema.

"Umejuaje, mama?"

"Macho sina? Mtoto huyu ni wa yule mwingine, yule mzuri-mzuri asiye na kazi." Akarudi kurasa nyingi nyuma akanionyesha Mamadou. Hajasoma neno hata moja. Nilijikuta nimeacha mashine imekwama karatasi.

Mwishoni mwa kitabu kuna kurasa za nyongeza: maana za maneno ya mtaani, namna ya kufunga kitenge, na juisi yao ya tangawizi. Nilimtafsiria hiyo ya tangawizi. Akasikiliza hadi mwisho, akasema wanaharibu, akatengeneza ya kwake.

Dosari? Wahusika ni wengi na wanaingia kwa fujo. Nilirudi kwenye ukurasa wa mwanzo wenye sura na majina mara nne. Na Aya mwenyewe, mwenye jina lake kwenye jalada, mara nyingi anabaki kuwa mshauri wa matatizo ya wenzake. Mama mdogo hamjali kabisa, yeye yuko na Adjoua.

Cha pili kwangu kinagusa nyumbani. *Madame Livingstone* cha Barly Baruti, Mkongo mzaliwa wa Kisangani, maandishi ya Christophe Cassiau-Haurie, kilitoka 2014. Ni Vita vya Kwanza vya Dunia kwenye Ziwa Tanganyika: ofisa wa Kibelgiji ametumwa kuizamisha meli ya Wajerumani, Goetzen, na anayemwongoza ni chotara anayevaa sketi ya Kiskoti na kudai ni mtoto wa Livingstone. Hilo la chotara ni la hadithi. Meli ni ya kweli, na mtoto wa Kigoma anaijua kwa jina jingine: Liemba. Ilijengwa Ujerumani 1913, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kigoma. Mwaka 1916 Wajerumani wenyewe wakaizamisha isitekwe, Waingereza wakaiibua 1924, ikarudi kazini 1927. Babu yangu alikuwa akipanda Liemba kwenda Mpulungu na magunia yake ya dagaa. Kuona vilima vya ziwa letu vimepakwa rangi na mkono wa mtu wa nchi ya ng'ambo ya maji, nilinyamaza. Ila mwandishi anatukalisha mno begani kwa Mbelgiji. Mimi nilitaka kukaa na yule wa sketi. Mama mdogo alifunua kurasa kumi akauliza mbona wanawake hamna.

Upande wa simu sasa. Katuni ya mtandaoni *xkcd* ya Randall Munroe, Mmarekani aliyewahi kufanya kazi NASA, ipo tangu 2005: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, bure, watu wa vijiti wasio na sura, hesabu na mapenzi. Faili nyepesi, bando halishtuki. Ina mzaha wa pili uliofichwa nyuma ya picha, ambao kwenye kompyuta unautoa kwa kusogeza mshale juu yake, kwa hiyo msomaji wa simu atafute toleo la simu lenye sehemu ya kubonyeza, la sivyo anakula wali bila mboga. Mwaka 2013 jamaa aliweka picha moja tu ya watu wawili ufukweni, ikawa inabadilika yenyewe kila baada ya muda mfupi, ikaendelea hivyo miezi minne hadi picha zaidi ya 3,000. Watu walikesha wakiangalia kasri la mchanga. Leseni yake inaruhusu kunakili bila kuuza, basi ukutani kwangu zipo sita. Kwa mama mdogo ilifeli papo hapo: "Hawa hawana hata nyuso."

Katuni zile za simu za kuteremsha kwa kidole, mtindo uliotoka Korea Kusini, nazipenda na kuzichukia kwa siku moja. Mtu akianguka ghorofani unamteremsha wewe mwenyewe, kidole kinachoka kabla hajafika chini; kitabu cha karatasi hakiwezi hilo. Lakini programu niliyoipakua mimi ilinifikisha pale panga linapoinuliwa, ikadai nilipie sarafu. Nilisubiri siku ya bure, nikafungua, picha nzito, bando la wiki likakata siku ya pili. Nimeifuta. Nimeirudisha. Nimeifuta tena.

Kwa mwenye pesa ya kitabu kimoja tu, anunue Aya, na anunue cha karatasi. Changu hakipo hapa ninapoandika. Mama mdogo alikipeleka saluni kwa shoga zake Jumapili, na nasikia kimeshavuka barabara kwa fundi cherehani, kina doa la tangawizi ukurasa wa harusi. Jana kaniuliza kinachofuata ni bei gani, na kama huyo muuzaji wa wiki saba hana mwenzake.