Nimejilipia mwenyewe mafunzo ya utangazaji wa kilimo Morogoro, hivi ndo ilivyokuwa

Habari zenu wadau. Kuna watu kama watatu wameniuliza inboksi ile semina ya Morogoro ilikuwaje na kama inafaa kutoa hela, nimeona niandike mara moja hapa niache kurudia rudia. Jina la waandaaji silitaji, nitawasifia na nitawasema pia, sitaki kesi na mtu.

Kwanza mnijue. Mi ni mtangazaji wa redio ya jamii mkoa wa Dodoma, sio mjini, huku pembeni kwenye mahindi, alizeti na mtama. Kipindi cha kilimo nimekibeba mwaka wa nne sasa na kilimo chenyewe sijakisomea, nina cheti cha uandishi wa habari basi, kulima nimejifunza kwa kushikishwa jembe kama mtoto yeyote wa huku. Nilivyoona tangazo la mafunzo ya siku tano ya waandishi na watangazaji wa kilimo nikampelekea bosi, akasoma weee, afu akaniambia ruhusa nakupa ila hela usiniulize. Ada ilikua laki tatu na nusu, chakula cha mchana ndani, kulala juu yako. Nikauza mbuzi mmoja nikapanda treni ya SGR Dodoma mpaka Moro, na kiukweli hiyo safari peke yake ni raha, unashuka shati bado limenyooka.

Siku ya kwanza sina cha kusema. Mgeni rasmi alitegemewa saa tatu akaja saa tano, tukajitambulisha, tukaandika matarajio kwenye vikaratasi vya rangi tukabandika ukutani, chai, picha ya pamoja. Mnaijua.

Siku ya pili ndo ilinifanya nisijute yule mbuzi. Tulikua tumeambiwa kila mtu aje na dakika tano za kipindi chake kwenye flashi. Mwezeshaji alikua mama mmoja mtu mzima, zamani alikua bibi shamba (afisa ugani) kabla hajaingia redioni, ana sauti ya taratibu ila maswali yake yanachoma. Ikachezwa yangu. Mi hapo nimejiamini kabisa, nimechagua kipindi cha uhifadhi wa mahindi, saundi safi, mziki wa kuingilia mzuri, nasikika nasema "mkulima hakikisha mahindi yako yana unyevu usiozidi asilimia kumi na tatu nukta tano kabla hujayaweka ghalani". Akasimamisha.

"Mwanangu, anapimia nini?"

Nikajibu kipima unyevu mama.

"Wewe unacho?"

Sina.

"Kijijini kwenu nani anacho?"

Nikawaza nikasema labda pale ghala la AMCOS, chama chetu cha ushirika cha wakulima, ila na chenyewe sina uhakika kama kinafanya kazi. Darasa zima linacheka, mi natamani nijifiche chini ya meza. Yani miaka minne nimekua nikiwasomea watu 13.5 kama vile nasoma matokeo ya mpira, sijawahi hata siku moja kujiuliza mama Asha wa kule bondeni anaijuaje hiyo 13.5.

Hapo ndo akatupa kisa cha George Atkins, mtangazaji wa kilimo wa redio ya taifa ya Canada, ambaye mwaka 1975 alikua Zambia na watangazaji wenzake kutoka nchi mbalimbali, wakawa wanapiga stori kwenye basi, akamuuliza mmoja kwenye kipindi chenu mnaongelea nini, jamaa akajibu tunafundisha namna ya kutunza plagi za trekta. Wakulima wenu wenye trekta ni wangapi? Hakuna, au wa kuhesabu. Mzee kile kitu hakikumtoka kichwani, na mwaka 1979 akaanzisha mtandao wa kutuma skripti za bure kwa watangazaji wa nchi zetu, skripti zinazoongelea vitu ambavyo mkulima mdogo anaweza kuvifanya na alichonacho, na huo ndo leo unaitwa Farm Radio International. Skripti zao mpaka kesho ni bure, kama hujawahi kuzipitia zipitie, mi mwenyewe nilikua sizijui na nimekaa redioni muda wote huo, aibu.

Tangu siku ile pale darasani ukikosea unaambiwa "hiyo plagi hiyo". Mi plagi yangu ni 13.5.

Basi mama akatoa kwenye mfuko wake chupa mbili za kioo zenye vifuniko, pakiti ya chumvi na mahindi ya aina mbili kwenye mifuko ya rambo. Nawaeleza alivyofanya maana hii ni ya kutumia hata kama hamtaenda semina. Chupa iwe kavu kabisa. Chumvi ya kawaida ya kupikia unaianika juani masaa kadhaa mpaka iwe kavu haswa, inashikana inabidi uivunje vunje. Unajaza mahindi kama theluthi ya chupa, unaweka vijiko viwili vitatu vya chumvi, unafunga, unatikisa kwa nguvu dakika moja, unaiacha itulie dakika kumi na tano. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi yako yana unyevu zaidi ya asilimia 15, rudisha turubaini. Ikidondoka yote chini chupa ikabaki safi, uko chini ya 15. Ndio, haikwambii kama umefika 13.5, na mama alilisema hilo wazi bila kuulizwa, akasema chumvi ikishaacha kuganda yape mahindi jua jingine la ziada, ila angalau mtu ana pa kuanzia.

Afu akasema hii ya chupa sasa ifanyeni iwe redio. Hapo ndo nikajua huyu mtu ni wa kazi. Mkulima haoni chupa, anasikia. Tukagawanywa wawili wawili na rekoda, na simu kwa wasio na rekoda, tukaanza kunasa sauti ya mahindi yakitikiswa. Makavu yanalia kacha kacha kacha, makali, kama kayamba. Mabichi yanalia mazito, dubu dubu. Ukiweka zile sauti mbili zikifuatana mtu yuko jikoni anaelewa kabla hujafungua mdomo. Mwenzangu alikua dada kutoka redio moja ya Njombe, tulirudia mara sita maana kulikua na feni inaunguruma juu, mwisho tukaenda kurekodia ndani ya choo cha hoteli. Nacheka naandika hapa.

Kwa nini hii imenigusa hivi? Kwa sababu ya 2016. Mwaka ule hapa Dodoma na jirani zetu Manyara watu waliumwa kwa kula mahindi yenye sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na kuvu (ukungu), kesi 68 zilirekodiwa na watu 20 wakafariki. Sumukuvu huioni, haina harufu, ugali ukiiva haijaisha. Na kuvu wale wanaanzia shambani mahindi yakipigwa na ukame, afu ukihifadhi na unyevu unawapa karamu. Hata ile Machi 2021 Kenya walivyozuia mahindi yetu na ya Uganda kwa siku kadhaa wakisema yana sumukuvu, madalali wa soko la mahindi la Kibaigwa walichanganyikiwa, mi nilisoma taarifa ile hewani vizuri kabisa, na sikumwambia mkulima hata kitu kimoja cha kufanya kesho yake asubuhi.

Siku ya tatu ilikua ya majina ya wadudu na maneno, nayo nzuri japo alikua mwezeshaji mwingine anaongea haraka. Kulikua na kaka alirusha kipindi kizima cha viwavijeshi akichanganya wawili kuwa mmoja. Viwavijeshi wa zamani tunaowajua sisi wanakuja kwa makundi, wanatembea kama jeshi kweli, wanamaliza majani wanahama. Hawa vamizi walioingia Afrika 2016 na kwetu wakaonekana 2017 wanajificha kwenye kikonyo cha muhindi huko ndani, pale katikati majani machanga yanapochomoza, ukimtoa ukamwangalia kichwani ana alama ya Y iliyopinduliwa na karibu na mkia madoa manne yamekaa kama mraba. Ukimwambia mkulima atafute jeshi linalotembea na mdudu amekaa zake kwenye kikonyo anakula taratibu, umemharibia msimu. Tulipewa picha, tukapewa na mdudu wa kweli kwenye kopo, dada wa Njombe akakataa kumshika.

Hesabu nazo tulikua wabovu wote. Tuliulizwa mfuko wa urea wa kilo 50 una nitrojeni kilo ngapi, kati ya watu ishirini na kitu waliopata ni wanne (urea ni asilimia 46, kwa hiyo kilo 23). Na ekari na hekta tunazichanganya kama chai na maziwa.

Sasa ya kuwasema.

Mafunzo yalikua na mdhamini, kampuni moja ya pembejeo, bango lao limesimama mbele siku zote tano. Sio dhambi, hela lazima itoke mahali. Ila kwenye ratiba kulikua na mada ya maadili, tangazo na habari, bahasha za hela wanazopewa waandishi na mambo hayo, iliandikwa masaa mawili. Ikaenda dakika arobaini. Mi nikauliza swali langu ambalo ndo shida ya kila wiki kituoni kwetu: duka la pembejeo linalipia kipindi, afu bwana shamba anayekuja kuongea analetwa na duka, afu anataja dawa moja tu kwa jina la biashara nusu saa nzima, hicho ni kipindi au tangazo? Nikajibiwa "ni muhimu kuweka uwiano". Uwiano gani ndugu yangu? Mama wa chupa alikua amekaa nyuma, alinitazama akatikisa kichwa hakusema kitu. Wakati wa chai ndo akanifuata akaniambia mwanangu, sema hewani kabisa mwanzo na mwisho nani amelipia, afu kila dawa itajwe kwa kiambato chake, ile kemikali yenyewe inayofanya kazi, na sio jina la dukani tu, na usisahau kumwambia mtu asubiri siku ngapi baada ya kupuliza ndo avune. Dakika tatu za kwenye foleni ya chai zimenisaidia kuliko ile mada nzima.

La pili makabrasha yote yalikua Kiingereza. Tunafundishwa kuongea lugha ya mkulima, afu mnatupa kurasa 80 za Kiingereza, mi nimezisoma mpaka ya kumi na mbili nimeziweka kabatini.

La tatu siku ya tano mchana tulifundishwa kutengeneza video za Yutubu kwa droni. Droni! Kituo chetu maiki ya pili iliungua mwaka jana mpaka leo tunapokezana moja. Hiyo plagi hiyo.

Na waliahidi kurudisha nauli kwa wanaotoka nje ya mkoa. Nimejaza fomu mbili, nimetuma tiketi kwa picha, napigiwa hesabu za wiki ijayo tangu mwezi uliopita. Cheti nacho jina langu wamekosea herufi.

Siku ya nne sijaitaja, tulienda kijijini, kama saa moja na nusu kwa gari nje ya mji. Wakulima wamekaa chini ya mwembe, tukawachezea vipindi vyetu sisi tumekaa pembeni kimya kama washtakiwa. Hii naipa nyota zote. Mzee mmoja alimsikiliza mwenzetu akasema "huyu kijana anaongea vizuri, ila anaongea na nani?" Na kina mama wakatuambia kitu ambacho hakuna mtu kituoni kwetu amewahi kukiwaza, kwamba vipindi vya kilimo vinawekwa saa kumi na mbili jioni wakati wao wanahangaika na moto na watoto, redio iko sebuleni au iko na baba kijiweni. Na anayeanika mahindi ni nani? Ni huyo huyo aliyeko jikoni. Nilivyorudi nilimsumbua bosi wiki mbili, sasa marudio yanaenda saa tatu usiku, na simu na kubipu zimeongezeka, wengi wanawake, hii sijatunga, ninalo daftari.

Kwa hiyo ukiniuliza nyota, natoa tatu na nusu kati ya tano. Kama kituo kinakulipia nenda bila kuwaza. Kama unajilipia, ulizia kwanza kama kuna siku ya kwenda kwa wakulima na kama mtasikilizishwa vipindi vyenu wenyewe, hivyo viwili visipokuwepo baki na mbuzi wako, chukua skripti za bure usome nyumbani. Na ulizia mwezeshaji ni nani, maana mle ndani alikua mmoja tu wa kweli.

Ile sauti ya kacha kacha nimeirusha wiki tatu zilizopita, kipindi chote kinahusu chupa na chumvi, na nimetaja mwanzo na mwisho kwamba hakuna aliyelipia. Hakijaisha vizuri simu ikaingia, mama mmoja kutoka kijiji cha mbali kidogo, kafanya jaribio hapo hapo tunavyoongea, chumvi yake imeganda yote ukutani. Nikamwambia basi mama anika tena siku mbili tatu urudie. Akasema sawa mwanangu nimeelewa, ila nina swali moja, hii chumvi nikishaitoa kwenye chupa naweza kuipikia mboga?

Nikabaki nimeshika simu. Hiyo hawakutufundisha. Nimemwambia aiweke pembeni kwanza, Jumanne namleta bwana shamba.