Seiko 5 ya zamani yenye mashine ya 6119: saa isiyotiwa ufunguo

Anayeishika saa hii kwa mara ya kwanza huzungusha ufunguo wa pembeni akingoja springi ijae. Haijai, hata azungushe mpaka vidole vichoke. Saa ni nzima. 6119 haikuundwa itiwe ufunguo kwa mkono, ndiyo maana ufunguo wenyewe ni mdogo, umewekwa usawa wa namba 4 na nusu yake imezama ubavuni.

Kinachoijaza ni mwendo wako. Ndani mna kipande kizito cha chuma, umbo la nusu duara, kinachozunguka huku na huku kila unapotembea. Seiko walikiunganisha na kijiti chenye makucha mawili, mfumo wa mwaka 1959 waliouita Magic Lever. Chuma kikienda kulia, kucha moja huvuta gurudumu. Kikirudi kushoto, ya pili hulisukuma. Gurudumu huenda upande mmoja tu, springi ikizidi kukaza. Kwangu huu ndio uzuri wa saa hii, kuliko hata uso wake.

Ikiwa imesimama, ishike uso ukitazama juu, iyumbishe taratibu kushoto na kulia kama unayepepeta mchele. Isogeze sikioni: utasikia chuma kikizunguka, kisha mshale wa sekunde utaanza kwenda, hatua sita ndogo kwa kila sekunde. Usiridhike hapo. Endelea nusu dakika hivi, halafu ivae na uendelee na shughuli zako, nayo itajishibisha.

Kurekebisha ndiko kunakonifurahisha zaidi. Majira unavuta ufunguo, tarehe unaubonyeza. Ukibonyeza nusu, tarehe inaruka. Ukizamisha mpaka mwisho, siku ya wiki inabadilika. Kidole kinazihisi hatua zote mbili waziwazi. Anza na siku, ndipo umalizie tarehe. Saa nyingi za baadaye zinataka uvute kidogo na kuzungusha, na mimi naona kubonyeza ni kuzuri zaidi.

Ila kuna sharti moja. Mishale ikiwa kati ya saa tatu usiku na saa kumi alfajiri, usibonyeze kabisa. Wakati huo meno ya ndani yameshaanza kuisogeza tarehe yenyewe, na ukilazimisha unaweza kuyavunja. Kama hujui ni usiku au mchana wa saa, sogeza mishale mbele: tarehe ikibadilika, umepita saa sita usiku. Peleka mpaka saa kumi na mbili asubuhi, hapo uko salama.

Mshale wa sekunde hausimami ukivuta ufunguo. Mtu wa kupenda usahihi aache saa ilale yenyewe, atazame sekunde imeishia wapi, aweke dakika inayokuja, kisha asubiri sekunde ile ifike kwenye simu ndipo aiyumbishe. Inaondoka sambamba.

Naipendekeza kwa moyo wote kwa anayevaa saa kila siku. Mwenye saa nyingi za kubadilisha atachoka kuirekebisha, maana nikiivua Ijumaa jioni, Jumapili mchana naikuta imelala. Ukiinunua, jaribu tarehe na siku mbele ya muuzaji, na muulize lini fundi aliisafisha na kuitia mafuta mapya. Maandishi ya mgongoni kwamba inastahimili maji yalikuwa ya kweli mipira yake ya kuzuia maji ilipokuwa mipya. Leo ivue kabla ya kunawa.