Kizuia mmweko kipi ununue kwa bunduki ya kulindia shamba usiku

Msimu uliopita nilitoa dola 90 kwa kipande cha chuma kisichozidi urefu wa kidole changu, cha kufunga mdomoni mwa bunduki, nikiambiwa kinazima moto unaotoka risasi ikifyatuliwa, na hadi leo nikikiona kwenye droo roho inaniuma. Nimeandika haya kwa sababu hiyo, na kwa sababu Waswahili wenzangu wawili watatu walioko Texas na Oklahoma wameniambia wameuziwa kitu hichohicho kwa maneno yaleyale.

Ninaishi kusini-mashariki ya San Antonio, upande wa Floresville, ambako wanalima karanga. Nguruwe pori wa huku ni balaa. Karanga zikishapandwa wanaingia usiku, wanashika mstari wa mbegu na kuufuata kama vile walipanda wao, wanafukua moja baada ya nyingine. Asubuhi mwenye shamba anakuta udongo umegeuzwa kuanzia uzio hadi uzio. Mimi ni mtoto wa Kongwa, kulekule Waingereza walikoanza mradi wao wa karanga mwaka 1947 wakaondoka mikono mitupu, na utotoni kazi yangu ilikuwa kukaa kwenye dungu la bibi na kupiga debe nguruwe wakisikika. Kwa hiyo mzee jirani yetu aliponiomba tusaidiane kulinda shamba lake sikuhitaji kubembelezwa. Sheria ya Texas inaruhusu kuwawinda nguruwe hawa usiku kwenye ardhi ya mtu binafsi mwenyewe akiridhia, na tangu Septemba 2019 hata leseni ya uwindaji haihitajiki kwao.

Bunduki yangu ni ya aina ya AR-15, risasi 5.56, mtutu wa inchi 16. Nilikwenda dukani nikasema wazi: nataka kitu cha kupunguza mwanga mdomoni, nawinda usiku kwa tochi nyekundu. Kijana wa kaunta akanipa kitu chenye matundu ubavuni, akaapa kinapunguza teke la bunduki begani, kinatuliza mtutu na kinaua mmweko, vyote kwa pamoja. Usiku wa kwanza nilifyatua mara moja. Likatoka pande la moto upana wa sinia la pilau, na baada ya hapo nikawa naona doa la kijani tu mbele yangu, kila ninapogeuka lipo. Nguruwe tisa walikuwa pale. Nilisikia miguu yao ikikimbia nisimwone hata mmoja. Mzee aliyekuwa amesimama ubavuni mwangu alishika masikio juu ya vizibo alivyovaa.

Nilichouziwa kilikuwa breki. Breki inapeleka gesi pembeni ili bunduki isirudi nyuma kwa nguvu. Ni kazi nyingine kabisa, na breki nyingi zinaukuza mmweko badala ya kuuzima. Muuzaji wa bunduki asiyejua tofauti hiyo hafai kusimama kaunta, na anayeijua akanyamaza ni mwizi.

Ili usidanganywe, elewa moto wenyewe unatoka wapi. Baruti haimaliziki kuungua ndani ya mtutu. Risasi ikitoka, nyuma yake inafuata gesi ya moto yenye kaboni monoksidi na haidrojeni ambazo bado zinaweza kuwaka. Nje ya mdomo gesi hiyo inapambana na mawimbi ya mshtuko, inapata joto upya, na ikikutana na oksijeni ya hewani inalipuka, kama jiko la gesi ulilofungua ukachelewa kuwasha kiberiti. Kizuia mmweko chenye meno au mianya mirefu kinaipasua ile gesi kabla haijajikusanya pamoja. Inapoa, haipati nafasi ya kuwaka mara ya pili. Si kwamba yule aliye mbele yako hakuoni kabisa, maana mwanga kidogo hubaki. Faida kubwa ni kwa macho yako mwenyewe. Jicho lililozoea giza likipigwa na mwanga mkali linataka kama nusu saa kurudi lilipokuwa, na nguruwe hawakusubiri nusu saa.

Mtutu mfupi unatoa moto mwingi zaidi kwa sababu baruti imepata nafasi ndogo ya kuungua. Risasi nazo hazifanani: kuna baruti zinazotiwa chumvi za potasiamu makusudi ili kuzuia moto wa pili, na kubadilisha boksi la risasi kunaweza kukusaidia kabla hujanunua chuma chochote. Uzito, rangi, teke, hayo wengine wameyaandika sana. Sina la kuongeza.

Ninalotaka kulisema mimi ni mlio.

Baada ya ile breki nilinunua kizuia mmweko hasa, SureFire ya meno matatu. Kwa moto sina malalamiko nayo. Nilipofyatua gizani niliona cheche ndogo kama ya kiberiti kibichi, nikaendelea kuwaona nguruwe vizuri. Wiki ya pili tukapita kwenye uzio wa seng'enge, mdomo wa bunduki ukagusa nguzo ya chuma. Haukugongwa, uliguswa tu. Tiiiiing. Mlio mwembamba, mrefu, unaotembea. Nguruwe walikuwa mbali kiasi cha uwanja wa mpira, wakainua vichwa kwa pamoja, na kabla sijaweka bunduki begani shamba lilikuwa jeupe. Nilisimama pale nikakumbuka debe la bibi. Nimetoka Kongwa hadi Texas, nimelipa zaidi ya dola 100, nimenunua debe.

Sababu yake ni rahisi. Meno marefu yaliyo wazi mbele, yenye urefu na unene sawa, yanatikisika kwa pamoja kama ule uma wa chuma wanaotumia mafundi wa muziki kupatia sauti. Yakiguswa na tawi, mlango wa gari au pete ya kidoleni, yanaimba. Uwanja wa shabaha mchana huwezi kulijua hili kwa sababu kila mtu amevaa vizibo masikioni na watu wanafyatua kushoto na kulia. Picha za kulinganisha mmweko nilizoziona zimepigwa bunduki ikiwa imetulia mezani. Hakuna anayetembea nayo kwenye vichaka. Mtu wa Bukavu anayewinda upande wa Oklahoma alinieleza jambo hilihili kabla sijamwambia langu: alikuwa anajifunika mdomo wa bunduki kwa kiganja kila akipita kwenye miti. Nilimkataza palepale, na wewe nakukataza. Kiganja hakikai mbele ya mtutu, iwe na risasi au isiwe nayo.

Kwa hiyo mpangilio wangu unatazama vitu viwili, moto na mlio, na wa pili nimeupa uzito kuliko mtu mwingine yeyote utakayemsoma.

Namba moja kwangu ni 249F ya B.E. Meyers, kampuni ya Redmond, jimbo la Washington, inayojulikana zaidi kwa vifaa vya leza. Waliitengenezea bunduki ya rashasha ya M249, ambayo ina kiu kubwa ya risasi na moto wake si wa mchezo, ndipo ikaingia kwenye bunduki za kawaida. Ina meno manne, lakini hayakukatwa sawasawa, na hapo ndipo penye akili: kwa kuwa kila jino lina umbo lake, hayawezi kuitikia mlio mmoja. Niliigonga kwa ufunguo wa gari, ikatoa tk, basi. Niliigonga kwenye nguzo ileile ya seng'enge kwa makusudi. Tk. Usiku nilifyatua risasi nne mfululizo na mzee aliyesimama hatua kumi nyuma akasema amesikia mishindo tu, moto hakuuona. Naipenda na sioni haya kusema. Ni ghali, na ukipata fedha ya kununua kitu kimoja tu kwa ajili ya usiku, nunua hii.

Ya pili ni Vortex ya Smith Enterprise wa Tempe, Arizona. Ni ya zamani, ina meno manne yaliyopindwa kama kamba iliyosokotwa, na kwa kuzima moto bado inasimama na vijana. Yangu niliazimwa kwa wiki mbili. Ilitoa mlio mfupi nilipoigonga, wa kufa haraka, si ule wa kuzunguka shamba zima. Ningeishi nayo bila kinyongo.

SureFire ya meno matatu naiweka ya tatu, na najua wapo watakaokasirika. Kwa moto peke yake ningeiweka juu. Ina faida nyingine ya kweli: ni kishikizo cha vizuia sauti vya kampuni hiyohiyo, na ukifunga kizuia sauti juu yake meno yanafunikwa na mlio unaisha. Kama tayari unacho kizuia sauti chao, usinisikilize mimi, nunua. Kama huna, jua unachobeba. Tatizo la meno wazi halikuanza jana wala si la mlio tu. Bunduki za M16 za kwanza Vietnam zilikuwa na meno matatu wazi mbele, yakawa yananasa nyasi na matawi, na katikati ya miaka ya 1960 Wamarekani wakayaziba kwa mduara mbele. Ndipo likazaliwa lile umbo ambalo huku wanaliita tundu la ndege.

Phantom ya Yankee Hill, ya Massachusetts, ni chaguo la mwenye mfuko wa wastani. Mianya imefungwa mbele, kwa hiyo hainasi na hailii. Moto unaobaki ni mwingi kidogo kuliko wa hao watatu. Hapa nasema wazi: kati ya Phantom isiyolia na meno matatu yanayolia, mwenye kuwinda kwenye vichaka vinene achukue Phantom.

A2, lile tundu la ndege linalokuja na bunduki nyingi, unalipata kwa dola 10 hadi 15. Halilii. Chini limezibwa ili lisirushe vumbi ukilala. Kwa mtutu wa inchi 16 na risasi nzuri linavumilika. Kama ndilo lililoko kwenye bunduki yako, lijaribu usiku mmoja kabla ya kununua chochote.

Breki, na vile vinavyojiita vya kazi mbili au tatu, siviorodheshi.

Sasa mambo ya kufunga, kwa sababu hapa watu wanaumia. Bunduki nyingi za 5.56 zina hesi (mikato ya kuzungushia kama ya skrubu) ya 1/2-28, na za .308 zina 5/8-24, lakini hesi kuingia si ushahidi kwamba tundu la ndani linatosha risasi yako. Zipo bunduki za risasi nene zenye hesi ileile ya 1/2-28, na risasi nene kupita kwenye tundu jembamba ni chuma kuruka usoni. Soma kilichoandikwa kwenye chuma chenyewe, usisome maneno ya muuzaji. Hakikisha chemba ni tupu, bana bunduki kwenye jiliwa, weka washa, ile pete bapa ya chuma iliyokuja nacho. Tundu la ndege lazima upande uliozibwa ukae chini. Vyenye meno pande zote havina taabu hiyo. Na kama uko California, New York au New Jersey, usiguse kitu kabla ya kusoma sheria za jimbo, kwa sababu huko kipande hiki hiki kinaweza kubadilisha bunduki halali kuwa iliyopigwa marufuku. Anayeuza mtandaoni hakuulizi.

Wauzaji ndio wananiudhi. Nilipotaka kununua ya tatu nilimwomba muuzaji anifungulie paketi niigonge kwa ufunguo kabla ya kulipa. Akacheka. Akasema katika miaka yote hakuna mteja aliyewahi kuomba hivyo, na paketi ikifunguliwa ni mali yangu. Kitu cha dola 150 ununue kama karata! Tikiti maji sokoni wanakuruhusu kulipiga ngumi. Duka la pili, dogo, la mama mmoja na mumewe, walifungua bila neno, wakagonga wao wenyewe, na yule mama akasema, "Hii inalia kama kengele ya kanisa," akairudisha kabatini akanitolea nyingine. Nimenunua kwao tangu siku hiyo hata vizibo vya masikio.

Na kuna wale wa mtutu wa inchi 14.5. Sheria ya Marekani inataka bunduki isiyosajiliwa kwa utaratibu maalumu iwe na mtutu usiopungua inchi 16, kwa hiyo fundi anatoboa, anapiga pini, kisha anachomelea kizuia mmweko moja kwa moja ili urefu utimie. Kikishachomelewa hakitoki bila kukatwa, na ukikitoa una bunduki isiyo halali mkononi. Ndugu mmoja Mkenya alichomelewa meno matatu ya kampuni ambayo siitaji, akalipa kazi na chuma, na ndipo alipokuja kwangu tukatembea naye shambani. Alipoweka bunduki kwenye gari mdomo ukagusa mlango. Alisimama akausikiliza mlio mpaka ulipoisha, kisha akaniuliza ule ufunguo wangu niliugonga wapi hasa, kwenye ncha ya jino au kwenye shina. Ncha, nikamwambia, na ugonge kabla ya fundi hajawasha mashine.