Forgejo kwenye kompyuta ya ofisini: uzoefu wangu

Nianze na hukumu, maana wengine mtasoma aya moja na kuondoka. Kama timu yenu ina watu watano au zaidi, wengi mnakaa ofisi moja, na yupo asiyeogopa kuandika amri kwenye skrini nyeusi ya Linux, Forgejo, programu ya kuhifadhi na kukagua msimbo (code) wa timu kwenye seva yenu wenyewe, inawafaa. Kama mko wawili, msijitwishe mzigo. Tumieni huduma ya bure ya mtandaoni, muendelee na kazi.

Sisi tunatengeneza mifumo ya SACCOS na ya maduka ya jumla hapa Dar es Salaam. Msimbo wetu ulihifadhiwa ng'ambo, kama wa watu wengi, na siku za kawaida hilo halimsumbui mtu. Kilichotufikirisha ni tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilipokatika kule kusini na intaneti ya Tanzania na Kenya ikaanza kusuasua. Git yenyewe, programu inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, haikutikisika. Linus Torvalds aliiunda mwaka 2005 kwa namna ambayo kila laptopi inabeba historia nzima ya mradi: unahifadhi mabadiliko, unafungua tawi (njia ya pembeni ya kufanyia kazi), unaangalia nani aliandika mstari upi na lini, yote bila intaneti. Kilichokwama ni mazungumzo yanayouzunguka msimbo. Nani akague nini, hitilafu ipi imeshafungwa, ombi lipi la kuunganisha mabadiliko limekubaliwa, hayo yote yalikuwa upande wa pili wa bahari. Watu wa meza moja wakaanza kupeana kazi kwa flashi.

Tukatafuta programu ya kuweka hapahapa ofisini, na GitLab tuliiangalia kwanza. Ina kila kitu, na hapo ndipo ugumu wake kwetu: ukiisimika mwenyewe unabeba rundo la vipande vingine, Rails, PostgreSQL, Redis na Sidekiq, kwa mpigo, nasi tulikuwa na kompyuta ya mezani ya zamani yenye RAM ya GB 8. Forgejo ni faili moja la programu lililoandikwa kwa lugha ya Go. Hifadhidata yake inaweza kuwa SQLite, yaani faili jingine tu pembeni. Tulianza hivyo, baadaye tukahamia hifadhidata ya PostgreSQL. Iko juu ya Linux ya Debian, na hata mchana wote tukiwa kazini mashine haihemi.

Nasaba yake ni ndefu kidogo. Ilianza programu ya Gogs, mwaka 2016 ikachipuka kwake Gitea, kisha Oktoba 2022 ikatangazwa kampuni ya kuisimamia Gitea na baadhi ya wachangiaji hawakupendezwa. Desemba mwaka huohuo wakajitenga na kuanzisha Forgejo, chini ya Codeberg e.V., chama kilichosajiliwa Berlin. Siasa za programu huria si fani yangu, ila nilitaka kitu ambacho hakitaamka siku moja kikiwa na bei.

Sasa niseme kilichobadilika kweli. Zamani ukaguzi wetu ulifanyika WhatsApp: picha ya skrini, "kaka cheki hii", "poa", imekwisha. Sasa tawi kuu limefungwa. Hakuna anayesukuma kitu humo moja kwa moja, hata bosi. Unafungua ombi, mwenzako mmoja lazima aidhinishe, majaribio lazima yapite, ndipo kitufe cha kuunganisha kinafunguka. Kazi ikiwa haijaiva unaanza kichwa chake na "WIP:" (kazi bado inaendelea) na mfumo wenyewe unakataa kuiunganisha.

Hayo utayakuta kwenye zana nyingi za aina hii. Nisichokitarajia ni vijana kuanza kusema. Tuna dada mmoja ambaye ndiye mwenye uzoefu kuliko sote, na kwenye kikao hakuna anayempinga. Si kwamba ni mkali, ni heshima tu. Kijana aliyetoka chuo juzijuzi akaandika chini ya mstari wake: "Dada samahani, mteja akimaliza mkopo kabla ya muda, miezi iliyobaki inakuwa sifuri. Hapa si tutagawanya kwa sifuri?" Dada akajibu neno moja, "Kweli", akarekebisha. Kwenye kundi la WhatsApp, mbele ya ofisi nzima, yule kijana asingethubutu. Maoni yanapokaa chini ya mstari yanausema mstari, na mwenye mstari haoni kama kavuliwa nguo. Tena yanabaki palepale: anayeuliza leo kwa nini riba tunaipiga kwenye salio linalopungua anaelekezwa kwenye mjadala wa zamani, anausoma mwenyewe.

Majaribio ya kiotomatiki ndiyo yaliyotuchosha. Forgejo inayo sehemu inayoitwa Actions, na ukizoea ile ya GitHub utaona faili zake za maelekezo, za YAML, zinafanana. Zinafanana tu, nyaraka zao zinasema wazi kwamba lengo si kuoana moja kwa moja. Usibebe faili za zamani ukadhani zitafanya kazi zilivyo. Programu ya kuyaendesha majaribio nayo unaisimika peke yake, na nakushauri uiweke mashine nyingine. Kisha kuna jambo ambalo wauza wazo la "seva ya ndani" hawalisemi: majaribio yenyewe yanavuta vifurushi vya msimbo wa wengine kutoka nje. Seva ipo mezani, lakini npm, ghala la vifurushi hivyo, iko ng'ambo, kwa hiyo intaneti ikikatika unaweza kukagua lakini huwezi kujaribu. Dawa yetu ilikuwa Verdaccio, inayotunza ndani vifurushi vilivyokwisha kuvutwa mara moja.

Nakala rudufu hazina mjadala. Wengi hujiliwaza kwamba kila laptopi ina nakala ya msimbo, hivyo diski ikifa hakuna hasara. Msimbo, ndiyo. Mijadala, orodha ya hitilafu na idhini vinakaa kwenye hifadhidata peke yake. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab alifuta data kwenye seva isiyo yenyewe. Repo (hazina za msimbo) za wateja zilibaki salama, ila takriban saa sita za hitilafu na maoni zilipotea, na njia za nakala walizozitegemea zikakutwa hazifanyi kazi. Hao ni watu wenye idara nzima. Forgejo ina amri ya `forgejo dump` inayofunga kila kitu kwenye zip moja, lakini haina amri ya kuirudisha. Unafungua zip, unapanga mafaili na hifadhidata kwa mkono. Fanyeni zoezi la kurudisha kwenye mashine tupu kabla hamjaitegemea.

Leseni ni bure. Gharama yake ni UPS, diski ya pili, na saa za mtu anayesoma matangazo ya usalama na kusasisha toleo. Kwetu mtu huyo ni mimi, na bosi ilibidi akubali kwamba hiyo ni kazi.

Bado tuna shida moja. Mwenzetu aliyeko Arusha anaingia kwenye seva kwa WireGuard, njia ya faragha kupitia intaneti, hivyo umeme wa ofisini ukikatika na UPS ikaisha kabla jenereta haijawashwa, naye kakatika. Tumeiwekea Forgejo kioo kinachosukuma nakala ya repo kwenda huduma ya nje kila intaneti inapokuwapo. Anasoma huko, anaendelea kwenye laptopi yake, anasukuma umeme ukirudi.