Hilux ya zamani iliyonyanyuliwa: pesa iende wapi kwanza

Umepata Hilux ya miaka ya tisini, LN106 yenye injini ya dizeli iitwayo 3L (ni jina la injini, si lita tatu), na aliyekuuzia alishainyanyua. Imesimama kama jogoo. Ukiipeleka gereji, fundi atakwambia kilichobaki ni winchi, ile mashine ya kujivuta kwa waya, na snorkeli, lile bomba la kuvutia hewa juu. Mshukuru, kisha pesa ipeleke kwenye matairi.

Gari hili lina ekseli zima mbele na nyuma, na springi za mabamba. Ukipandisha springi, kinachopanda ni bodi. Difu, lile bonge la gia kwenye ekseli, inabaki palepale ilipokuwa, na difu ndiyo inayolima tope. Kitu pekee kinachoiinua ni ukubwa wa tairi. Ukitoka tairi la saizi 205R16 kwenda 235/85R16, kipenyo kinaongezeka kama sentimita 7, kwa hiyo difu inapata sentimita 3 na nusu hivi. Ujue tu kwamba sindano ya spidi itaanza kukudanganya: ikionyesha 80, wewe uko karibu 88, na trafiki hatakuwa na muda wa kusikiliza hesabu hiyo.

Mimi nakaa Lushoto. Siku za kazi nashuka Mombo na kurudi, lami yenye kona mwanzo mpaka mwisho. Jumamosi naelekea Mtae kwa udongo mwekundu, ambao masika ukilowa ni kama umemwagiwa sabuni. Kwa maisha ya namna hiyo, matairi nayapanga hivi.

La kwanza ni A/T, lile la kila njia. Watu wa tope hulidharau kwa sababu kashata zake, yale meno ya mpira yanayogusa ardhi, si kubwa. Lakini hesabu siku zako: tano za lami, moja ya tope. A/T linashika lami iliyolowa, halipigi kelele, na kwenye tope la kawaida ukipunguza upepo kutoka psi 35 hadi 20 linatanuka na kushika vizuri kuliko unavyodhani. Pampu ndogo ya kuchomeka kwenye betri iwe garini, maana kurudi kwenye lami na psi 20 ni kuchemsha tairi na kuliua.

La pili ni M/T, la tope lenyewe. Kashata zake zimeachana, kwa hiyo gurudumu likizunguka kwa kasi linatema tope na kubaki na meno. Kwa anayeingia shambani kila siku, hasa kwenye udongo mweusi wa mbuga unaoganda kama ugali, hili ndilo la kwanza, mpangilio wangu asiufuate. Ila kwenye lami yenye maji kashata chache zinazogusa barabara maana yake ni breki ndefu, na juu ya gari lililonyanyuliwa, kwenye kona za Soni, sitaki breki ndefu. Pia linavuma kama mashine ya kusaga, na linaisha haraka.

La tatu, H/T la barabarani, usilinunue kabisa kwa kazi hii. Likijaa tope linageuka kipara.

Upana nao una maneno. Vijana hupenda tairi pana linalotokeza nje ya bodi. Kwenye tope lenye ardhi ngumu chini yake, jembamba ndilo linalokata mpaka likaifikia. Pana linafaa pale ambapo chini hakuna mwisho.

Nunua matano, si manne. 4WD ya gari hili haina difu ya katikati ya kuruhusu mbele na nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, na spea yenye kipenyo tofauti itaipa giaboksi mzigo usio wake. Ukinunua mtumba, soma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kama mifereji imechongwa upya kwa kisu, rudisha, hata kama bei inakuchekea.

Baada ya matairi, breki. Hapa ndipo wengi hawaangalii. Nyuma kuna vali inayopima mzigo kwa mkono uliofungwa kwenye ekseli. Gari likinyanyuliwa, vali inadhani siku zote halina mzigo, inapunguza nguvu ya breki za nyuma. Langu lilikuja hivyo hivyo, na nililigundua nikiwa na magunia ya viazi kwenye mteremko. Fundi aipandishe bracketi ya mkono huo pale kwenye ekseli, na aangalie mipira ya breki kama haivutiki ekseli inaponing'inia.

Kitu cha tatu ni cha bei ya soda chache: mipira ya kupumulia difu. Difu ya moto ikiingia kwenye maji ya baridi inavuta ndani, na ikivuta kupitia sili unapata oili ya rangi ya chai ya maziwa. Vuta mpira mrefu mpaka karibu na injini, umemaliza.

Vifaa vya kujikwamua: koleo, mkanda wa kuvutia, shakeli mbili, jeki ndefu ile inayoitwa ya Tanganyika, na ubao mnene wa kuiwekea chini isizame. Mkanda usifungwe kwenye kibonge cha kukokotea trela. Kikikatika kinaruka kama risasi.

Snorkeli ni ya mito na vumbi, kwenye tope haikusaidii. Winchi naiweka mwisho: nzito, inakaa mbele kabisa, na betri ya gari la umri huu haiipendi. Ukishanunua vyote hivyo na pesa bado ipo, nunua. Na kabla ya hapo, kumbuka kushuka ugeuze habu za mbele, zile swichi katikati ya magurudumu zinazoyaunganisha na 4WD, ziwe kwenye LOCK. Nimewavuta wawili waliokuwa wamekwama wakiwa kwenye FREE.