Wavu wa buibui wa kushonesha Mtwara: kwenye ndago sawa, kwenye matete hapana

Huu ni wavu wa oda, wa kufagia majani ili kunasa buibui wa kuchunguza: mfuko kwa fundi cherehani, duara kwa mchomeleaji. Nondo ni ya milimita 6, duara lina upana wa sentimita 38, mpini wa mti sentimita 90, mfuko wa amerikani una kina cha sentimita 75. Kina hicho usikipunguze kwa kubana kitambaa. Mfuko mfupi haukunjiki juu ya chuma baada ya pigo la mwisho, na buibui warukao wanatoka kabla hujaingiza mkono.

Amerikani ndiyo yenyewe. Neti ya mbu ni nyepesi na unaona yaliyomo, lakini jani la ndago ni msumeno, neti haimalizi asubuhi. Kasoro ya wavu huu iko kwenye mshono: fundi ameacha upindo ndani, kama anashona shati, na buibui wa milimita 2 wanajibanza humo, hata ukigeuza mfuko huwaoni. Mwambie upindo utazame nje, kitako kiwe cha mviringo, ukingo unaoshika chuma uvikwe turubai. Halafu waya uliofunga duara kwenye mpini hulegea, maana mti unavimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Weka klipu mbili za mpira wa maji, zile za kukazwa kwa bisibisi.

Kwenye nyasi laini na ndago za kimo cha kiuno, kando ya Ziwa Kitere au kwenye matuta ya majaruba, mapigo 25, hatua moja pigo moja, yanatosha kwa buibui wa juu. Humo utawapata buibui wa jenasi ya Tetragnatha, wembamba, wamejilaza juu ya bua na miguu ya mbele imenyooshwa, utadhani ni kijiti. Bua likitikisika polepole anazunguka upande wa pili, kwa hiyo piga kwa kasi.

Matete ni habari nyingine. Wavu unagonga mabua magumu na kudunda, wakati buibui wamegawana nyumba humo ndani: mabua yaliyosimama ni nguzo za kutundikia tando, ala za majani na mabua matupu yaliyovunjika ni vyumba vya kujificha na kutagia, na majani makavu yaliyolala chini yanawapa buibui wakimbiaji wa ardhini, kama jenasi ya Pardosa, unyevu na pa kuponea. Wavu haufiki hata chumba kimoja. Anayelinganisha matete na ndago kwa wavu huu peke yake ataandika kuwa matete hayana buibui, kumbe amepima ugumu wa bua. Kwenye mikoko nako uache nyumbani: geuza mwavuli chini ya tawi, ligonge kwa fimbo mara 10.

Kwa matete ongeza fremu ya sentimita 50 kwa 50. Hesabu mabua, pima urefu wake na unene wa majani makavu, kisha kata yote yaliyomo, tia kwenye mfuko, pasua bua moja moja juu ya shuka jeupe. Inachosha, lakini vipimo hivyo ndivyo vinavyoeleza nani anaishi pale. Jina la mmea halitoshi: ndago zilizolishwa ng'ombe na ndago zilizoachwa ni mitaa miwili tofauti, ingawa mmea ni uleule.

Usifagie kabla umande haujakauka. Amerikani mbichi inawagandisha buibui wadogo na kuwakata miguu, na buibui asiye na miguu ni shida kumtambua. Wahifadhi kwenye spiriti ya asilimia 70, lebo ya penseli ndani ya chupa, kwani wino wa kalamu unayeyuka. Vaa gambuti, kichocho kipo. Kando ya Ruvuma mamba wapo pia, na pale gambuti hazisaidii kitu.

Ukiagiza, lipia mifuko miwili. Wa kwanza ukilowa, bila wa pili kazi ya siku hiyo imeisha.