Pasi ya afya ya Ufaransa: msimbo ulikuwa imara, palipovuja ni kwingine

Kuanzia 9 Agosti 2021 hadi 14 Machi 2022, hukuweza kuketi kwenye mgahawa wa Ufaransa, hata kwenye meza ya nje kando ya barabara, bila kuonyesha pasi ya afya, waliyoiita pass sanitaire. Sinema, makumbusho, mabwawa ya kuogelea, baa na treni za masafa marefu nazo ziliingia humo. Mifumo ya aina hii ilikuwa mingi wakati wa korona, lakini huu unastahili kuchambuliwa kwa makini, kwa sababu mashine yake ilijengwa vizuri kuliko karibu zote, na bado watu wengi, hasa waliotoka kwetu, walikwama mlangoni wakiwa wamechanja kikamilifu. Kwa upande wa ufundi ungepata nne na nusu kwa tano. Kwa namna ulivyompokea mgeni kutoka Nairobi, Kampala au Dar es Salaam, mbili tu, na hizo ni kwa ukarimu.

Tuanze na kilichohesabika kuwa pasi. Kulikuwa na njia tatu: chanjo kamili, kipimo hasi, au uthibitisho wa kupona, yaani kipimo kilichoonyesha maambukizi chenye umri wa siku 11 au zaidi lakini kisichozidi miezi sita. Kwenye chanjo, neno "kamili" ndilo lililowaangusha watu. Pfizer, Moderna na AstraZeneca zilihesabiwa siku 7 baada ya dozi ya pili. Janssen, ile ya dozi moja, ilihesabiwa siku 28 baada ya sindano. Hapa Watanzania waliumia, kwa kuwa Janssen ndiyo iliyofungua zoezi la chanjo nchini Julai 2021, shehena ya kwanza ikiwa ya dozi zaidi ya milioni moja. Mtu aliyechanjwa Dar na kupanda ndege wiki mbili baadaye alikuwa na kadi halali mkononi na pasi isiyofanya kazi, na kila mlango ulimgeuza hadi siku ya 28 itimie.

Kipimo nacho kilikuwa na saa yake. Mwanzoni kilidumu saa 72, na kuanzia 29 Novemba 2021 zikapunguzwa hadi 24. Saa ilianza kuhesabiwa pale kijiti kilipoingizwa puani. Muda wa majibu kutoka haukuhesabiwa kabisa. Ukipimwa Ijumaa saa nne asubuhi na majibu yakafika jioni, pasi yako imekufa Jumamosi saa nne asubuhi, kabla hata ya chakula cha mchana ulichokusudia kwenda kula. Hadi 15 Oktoba 2021 vipimo vilikuwa bure kwa wakazi. Baada ya hapo, mkazi asiyechanja na asiye na cheti cha daktari alilipa kuanzia yuro 22 hivi kwa kipimo cha haraka cha antijeni, na takriban yuro 44 kwa PCR. Anayepima mara mbili kwa wiki ili aende mazoezini alijua vizuri makali ya bei hiyo.

Sasa msimbo wenyewe, sehemu tunayoisifu bila kusita. Pasi ilitumia cheti cha kidijitali cha Umoja wa Ulaya, kilichoanza kutumika rasmi 1 Julai 2021. Ukisoma ule mraba wa QR kwa programu ya kawaida, unapata mlolongo mrefu wa herufi na tarakimu unaoanza na HC1 na nukta mbili. Ndani yake kuna jina, tarehe ya kuzaliwa, aina ya chanjo, namba ya dozi kati ya dozi zinazotakiwa, tarehe na nchi iliyotoa cheti, vyote vimebanwa viwe vidogo kisha vikatiwa sahihi ya kidijitali kwa ufunguo wa siri wa nchi husika. Simu ya mhudumu wa mlangoni ilibeba funguo za wazi, zile za kuhakiki sahihi hizo, za nchi zote zilizounganishwa. Kwa hiyo haikuhitaji kuuliza seva yoyote wakati wa kukagua. Ingeweza kufanya kazi kwenye ghala la chini ya ardhi lisilo na mtandao, na hakuna ofisi iliyojua kwamba fulani amekula wapi usiku ule.

Kilichoonekana kwenye kioo cha mhudumu kilikuwa kidogo mno, na hilo ndilo zuri lake. Programu yake, TousAntiCovid Verif, ilimwonyesha rangi ya kijani au nyekundu, jina na tarehe ya kuzaliwa, basi. Haikumwambia kama umechanja, umepima au umeugua ukapona. Mambo ya afya yako yalibaki yako. Linganisha na kumkabidhi mlinzi wa getini kadi ya karatasi asome kila kitu hadi namba ya shehena ya chanjo, na foleni nyuma yako ikichungulia.

Kusoma msimbo kulichukua sekunde mbili tatu pale mambo yakienda sawa. Yasipokwenda sawa, sababu zilikuwa zilezile. Msimbo huu ni mnene, vijiraba vyake ni vidogo kuliko vya tiketi ya basi, kwa hiyo haukuvumilia uzembe. Mwanga wa simu ukiwa umepunguzwa, kamera inatafuta na kutafuta. Kioo kikiwa kimepasuka juu ya moja ya zile pembe tatu zenye mraba mkubwa, haisomi kabisa. Picha iliyopigwa kwa simu, ikatumwa WhatsApp, ikapigwa tena, ilipoteza kingo zake na kuwa ukungu. Karatasi ndiyo iliyotegemewa zaidi, mradi isikunjwe katikati ya msimbo. Ikunje juu au chini yake, na usiipunguze chini ya sentimita nne kila upande unapochapisha. Ukiipiga laminesheni, chagua plastiki isiyong'aa, maana taa ya mgahawa ikimulika juu yake kamera huona doa jeupe tu.

Kosa jingine lililojirudia ni kuonyesha cheti kisicho chenyewe. Programu ya simu ilihifadhi vyeti vyote, na mtu mwenye haraka alifungua cha dozi ya kwanza, kilichoandikwa 1/2, akapata nyekundu na kuanza kubishana. Waliochanjwa mapema walikuwa na tatizo la peke yao: vyeti vya Ufaransa vya kabla ya 25 Juni 2021 vilikuwa na msimbo wa zamani wa nchi hiyo, unaotambulika kwa kukosa zile pembe tatu. Ndani ya Ufaransa ulisomeka, lakini ukivuka kwenda Italia au Ubelgiji haukufaa, na dawa yake ilikuwa kupakua cheti upya kwenye tovuti ya bima ya afya.

Udhaifu mkubwa ulikuwa kwa mtu aliyeshika simu. Sahihi ilithibitisha kwamba cheti ni cha kweli. Haikuweza kuthibitisha kwamba mwenye cheti ndiye aliyesimama mbele yako. Kulinganisha jina na kitambulisho kungeziba pengo hilo, lakini kwa sheria ya Agosti 2021 kukagua kitambulisho ilikuwa kazi ya polisi, na mwenye mgahawa hakuwa na mamlaka hayo. Hivyo pasi ya mwanamke wa miaka 60 ingeweza kumwingiza kijana wa miaka 20 kwa mwanga wa kijani kama mhudumu hakusoma tarehe ya kuzaliwa. Septemba 2021 msimbo wa Rais Emmanuel Macron mwenyewe ulivuja na kusambazwa mitandaoni. Oktoba mwaka huohuo vilizunguka vyeti vyenye jina la Adolf Hitler vilivyosomeka kijani, kwa sababu kuna mahali palipokuwa na mamlaka ya kutoa vyeti palipotumiwa vibaya. Sheria ya Januari 2022 ndiyo hatimaye iliyomruhusu mwenye mgahawa kuomba kitambulisho chenye picha akiwa na sababu nzito za kushuku. Miezi mitano ilikuwa imepita.

Kwa mgeni kutoka Afrika Mashariki tatizo lilianza kabla ya mlango. Kenya na Uganda zilianza Machi 2021 kwa AstraZeneca iliyotengenezwa na Serum Institute of India, kwa jina la Covishield. Ni chanjo ileile kwa utungaji, ila kiwanda hicho hakikuwa kwenye idhini ya Shirika la Dawa la Ulaya, kwa hiyo kila nchi iliamua peke yake. Ufaransa iliikubali katikati ya Julai 2021. Aliyechanjwa Sinopharm, iliyotolewa pia Tanzania, alitakiwa kuongeza dozi moja ya Pfizer au Moderna na kusubiri siku 7.

Hata chanjo ilipokubaliwa, cheti hakikusomeka. Morocco, Tunisia, Togo na Falme za Kiarabu ziliunganishwa na mfumo wa Ulaya, hivyo Mkenya aliyechanjwa Dubai alikuwa na nafuu kuliko aliyechanjwa Mombasa. Aliyekuja na cheti cha Kenya kutoka Chanjo, mfumo wa serikali wa kusajili waliochanjwa, au kadi ya Tanzania alilazimika kukibadilisha kwenye duka la dawa la Ufaransa, ambako mfamasia alikagua hati na kutoa msimbo wa Ulaya kwa ada isiyozidi yuro 36. Hapo majina yetu matatu yalileta tabu. Kadi ya chanjo ina jina lako, la baba na la babu, huku pasipoti ikipanga majina kwa utaratibu mwingine. Mfamasia mzuri alifuata ile mistari miwili ya herufi kubwa chini ya ukurasa wa picha wa pasipoti. Aliyenakili kadi alikupa msimbo wenye jina lisilolingana na pasipoti yako, na usingeligundua hadi uwanja wa ndege. Dawa ni kusoma jina na tarehe ya kuzaliwa herufi kwa herufi palepale kaunta kabla hujaondoka, na kuangalia tarehe za dozi, kwamba siku na mwezi havikubadilishana nafasi.

Kisha pasi ilianza kuisha muda kimyakimya. Kuanzia 15 Januari 2022 kila mtu mzima alitakiwa awe amepata dozi ya nyongeza ndani ya miezi saba tangu dozi ya mwisho, na kuanzia 15 Februari ndani ya miezi minne. Msimbo uliosomeka kijani jana ulisomeka nyekundu leo, karatasi ni ileile. Na tangu 24 Januari, pasi ilipogeuzwa kuwa pasi ya chanjo kwa wenye miaka 16 na zaidi, kipimo hasi hakikufungua tena mlango wa mgahawa. Mabadiliko manne katika miezi mitatu ni mengi mno kwa huduma ambayo mtumiaji wake anakwenda kula tu.

Barakoa ilifuata kalenda nyingine, na watu walizichanganya. Kuanzia 21 Julai 2021, sehemu zinazodai pasi ziliruhusiwa kuondoa barakoa ndani, isipokuwa mkuu wa wilaya au mwenye ukumbi akiamua vinginevyo. Tarehe 26 Novemba ikarudishwa hata kwa wenye pasi, ikaondolewa tena 28 Februari 2022, na kwenye mabasi na treni ikabaki hadi 16 Mei. Mgahawani ilimaanisha kuivua ukiketi na kuivaa ukiinuka kwenda msalani. Barakoa ya kitenge ya kushona nyumbani haikutosha tangu Januari 2021: kitambaa kilipaswa kuchuja asilimia 90 ya chembe za maikroni 3, kiwango kinachothibitishwa maabara na kuandikwa kwenye pakiti. Ya hospitali, ile ya bluu, ilikubalika kila mahali. FFP2, barakoa ya kiwango cha juu cha uchujaji, huchuja angalau asilimia 94, lakini kwa mwenye ndevu hewa hupenya pembeni na ubora huo unapotea. Ibane waya ya puani kwa vidole viwili vya kila mkono, si kwa kubana kidole kimoja katikati, kisha pumua kwa nguvu: ukisikia upepo machoni, haijakaa.

Kwa wenye migahawa, kilichofanya kazi ni kusoma misimbo ya kundi zima kabla ya kuwaketisha. Meza za nje zilihitaji mtu wake, maana mteja hukaa bila kupita mlangoni. Aliyekuja kuchukua chakula na kuondoka hakudaiwa pasi. Migahawa ya madereva wa malori barabarani ilisamehewa. Wafanyakazi wenyewe walidaiwa tangu 30 Agosti 2021. Mteja bila pasi alikabiliwa na faini ya yuro 135. Mgahawa ulionywa kwanza, kisha ungeweza kufungwa hadi siku 7, na ukikamatwa zaidi ya mara tatu ndani ya siku 45, kifungo cha hadi mwaka mmoja na faini ya yuro 9,000. Simu ya pili iliyochajiwa, na kuifungua programu kwenye intaneti kila asubuhi ili ivute funguo mpya, viliepusha ugomvi mwingi kuliko kibandiko chochote cha mlangoni.

Cheti cha Ulaya kilikoma 30 Juni 2023, na Shirika la Afya Duniani likauchukua muundo wake uwe msingi wa mtandao wa dunia wa vyeti vya afya. Zikijiunga nchi zetu, kadi ya njano ya homa ya manjano inayobebwa kila siku Namanga na Mutukula inaweza kupata msimbo wa aina hii. Sehemu ya kudai irekebishwe kabla ya siku hiyo ni ya majina: kadi ya chanjo ijazwe kutoka kwenye pasipoti au kitambulisho cha taifa palepale kituoni, mwenye kadi akisoma kwa macho yake, kabla muhuri haujapigwa.